Hodi kwa Waya

Nilikodi ghorofani kwa sababu ni nafuu,
chumba na nusu juu ya duka la mabati, Isevya.
Asali naichujia huku.
Mlango wa barabarani uko ngazi kumi na tisa chini,
na anayepiga hodi hasikiki:
namjua akishaondoka.

Mihayo akaniletea kisanduku,
cha kijivu, hakizidi kipande cha sabuni,
kitufe kimoja, matundu saba ya sauti.
Akatoboa ukuta, vumbi likaingia kwenye chujio
(nilimnunia hadi saa nane),
akashusha waya wa buluu pembeni mwa ngazi.
"Waya mmoja tu, dada. Umeme humo, maneno humo."
Nikasema, kama koo.
Hakucheka. Alikuwa anapanga nyuzi kwa rangi,
midomo ikimcheza kama anayesali.

Siku ya kwanza, raha.
"Mwangaluka!" simu ikaniamkia kwa sauti ya muuza karanga,
nikaruka, nusu lita ikamwagika.

Siku ya pili umeme ukakatika, ukarudi,
na ruta, kama mwenye nyumba aliyelewa,
ikagawa vyumba upya.
Kisanduku kikapewa anwani nyingine,
simu ikawa inakitafuta kule kilikohama.
Mihayo akakipa anwani ya kudumu,
akaiandika kwa kalamu nene chini ya meza: USIFUTE.

Halafu mwangwi.
Nikisema karibu, narudishiwa karibu, ribu, ribu,
hadi wateja wakadhani tuko wengi.
Kumbe simu nimeiweka dirishani, juu ya mlango uleule,
najisikia mwenyewe nikipanda kutoka barabarani.
Nikaihamishia jikoni. Mwangwi ukafa.

Jumanne ndiyo sitaki kuisimulia, lakini.

Kisanduku kikaita. Nikapokea.
Nikasikia uvumi tu,
kama nyuki walio mbali, bado hawajaamua.
Nikajua ni yule kijana wa vifuniko,
mikono yangu ilikuwa na asali hadi viwikoni,
nikasema: Sawa, sawa. Weka hapo hapo chini.

Aliyekuwa chini ni Milembe,
ametoka Sikonge alfajiri na ndoo mbili juu ya pikipiki.
Kijana wa mabati alimwona:
ameegemeza kiganja ukutani,
mdomo karibu na matundu,
akaongea, akaongea, akafuta macho kwa ncha ya kanga.
Kisha ukuta ukamjibu.
Akaweka ndoo pale alipoambiwa.
Akaondoka.

Jioni Mihayo alikaa sakafuni na kompyuta mapajani.
"Maneno nayo yana milango yake, dada.
Wa kuita ulikuwa wazi. Wako wa kushuka, wazi.
Wa sauti kupanda ruta iliufunga,
tangu ilipojisasisha yenyewe usiku."
Kwa hiyo alinisikia?
"Vizuri kabisa."
Na aliyoyasema, yako wapi?
"Yakikataliwa yanaanguka."
Yanaanguka wapi?
Akatazama ngazi. Nami nikatazama.

Hakirekodi?
"Cha bei hii, hapana."

Nimempigia Milembe mara nane. Hapatikani;
kule msituni mtandao ni wa kupanda kichuguu.
Ndoo zake sijazichuja. Moja ina nta nyingi
kuliko kawaida yake, kama iliyokamuliwa kwa haraka,
au na mtu mwingine.

Mihayo akashuka kujaribu:
moja, mbili, moja, mbili, unanisikia?
Nakusikia.
Sema na wewe.
Nilishindwa la kusema. Nikamwambia apande anywe chai.

Sasa kinafanya kazi, siku ya kumi na moja leo.
Lakini chini ya kitufe nimebandika karatasi,
nimeifunika kwa plastiki kwa ajili ya mvua:
*Ukijibiwa "sawa" kabla hujamaliza,
usiamini. Sukuma mlango. Panda.*