Bomba la Milimita Moja

Natafuta bomba, nilimwambia muuza vipuri wa Kibuye.
La gari gani?
Datsun, ile ya zamani ya mashindano.
Akainuka, akashika ngazi.
Nikamwonyesha ukucha wa kidole changu cha mwisho:
lilale hapa, na nafasi ibaki.
Alishuka polepole, kama mtu aliyetukanwa
na bado hajajua ni kwa lugha gani.

Injini yangu hukaa ndani ya kibiriti.
Ina kabureta mbili, ina feni,
ina mkanda niliokata kwenye puto la harusi ya watu.
Kilichokosekana ni mshipa,
ule wa mafuta, uliosukwa nyuzi za chuma,
utokao kwenye bloku kwenda kwenye kipoza mafuta,
na nati zake za pembe sita, nyekundu kwa buluu,
ndogo kuliko punje ya wimbi.

Ng'ambo wanaziuza. Nati nne kwenye kifuko,
bei ya madebe mawili ya mahindi,
na ushuru juu, na dirisha la posta linalosema rudi Jumatatu.
Nilirudi Jumatatu. Nikarudi Jumatatu nyingine.
Akeyo, mke wangu, akauliza
kama huyo Jumatatu ana watoto.

Basi nikaanza kuitazama Kisumu
kwa kipimo cha moja kwa ishirini na nne.
Kamba ya kiatu cha shule: nene.
Waya wa spika, niliouchuna hadi utumbo wa shaba:
rangi ya kumbikumbi, si ya chuma.
Uzi wa sita wa gitaa, kwa Ogweno wa Kondele:
ulikaribia, lakini ukikunjwa hulalamika,
na hulalamika kwa noti ileile.
Muuza nyavu wa Dunga akanikatia shubiri mbili
za mshipi wa kusukwa, wa kuvulia mbuta.
Nikausugua kwa penseli usiku kucha
hadi ukawa kijivu cha kisu kilichotumika.
Mshipi ukawa mshipa.

Nati zilitoka kwenye kalamu.
Kalamu kumi na moja za binti yangu, zilizofia mtihani;
kila ncha ya shaba nikaichonga pande sita
kwa tupa ya kucha ya mama yake.
Nyekundu, rangi ya kucha. Buluu, wino uleule wa marehemu.
Saba nilizipoteza. Moja nadhani nilimeza.

Sasa niseme lililobaki.

Nilikuwa na miaka kumi na sita,
mbeba spana wa Harbans Matharu.
Nati ile, ile kubwa, niliikaza mimi.
Nilisikia inapita kiasi,
kijisauti tu, kama mtu anameza mate:
nyuzi zimelika.
Nikafuta mikono, nikasema tayari.
Kwenye kona za Nandi mafuta yakamwagika yote,
injini ikakwama, na vumbi la wenzetu likatupita
gari moja baada ya jingine.
Harbans akalala chini, akapapasa tumbo la gari.
"Jiwe," alisema. "Jiwe limetukata."
Na mimi nikasema jiwe.
Nimelisema jiwe hilo miaka thelathini na nane,
kwenye chai, kwenye matanga, mbele ya wanawe.

Umeme umerudi saa nne.
Akeyo amenishikia tochi ya simu hata hivyo, anapiga miayo.
"Ukishafunga boneti," anasema, "nani ataliona?"

Hakuna. Harbans haoni tena.
Jumapili atalipokea mapajani pale Milimani,
atafungua boneti kwa ukucha,
na vidole vyake vitalifuata bomba
kutoka kwenye bloku, taratibu, mpaka kwenye nati.

Naikaza kwa kibanio cha nyusi.
Nusu mzunguko.
Robo.
Inafika mahali pale.
Naiacha.