Mali Yenye Daftari

Saa kumi na dakika tano alfajiri, uwanja wa Norwich,
ubao wa safari umeandika neno moja
mara saba, juu mpaka chini: Imefutwa.
Mlinzi anakunywa chai akiwa amesimama,
hasemi kitu, ananyoosha kidole
kwenye karatasi iliyobandikwa kwa plasta:
Shirika la Wensum limefungwa usiku wa manane.
Abiria, msije uwanjani.
Nasi tumeshakuja.

Mimi ni daraja la dhahabu, kiti 4A, dirishani,
fundi wa mashine za kupiga picha za ndani ya mwili,
Aberdeen kila Jumatatu, miaka sita,
toa wiki mbili za harusi ya mdogo wangu
na wiki moja ya mgongo.
Jina langu halijawahi kuenea kwenye tiketi:
MWINYIHA, mkwaju, SHAI.
Shaibu Mwinyihaji hajapanda ndege hata siku moja.
Anayepanda ni huyo nusu.

Dalili zilikuwepo. Nasoma habari za mashirika
kama wengine wasomavyo matokeo ya mpira:
Novemba, bei ya mafuta;
Desemba, marubani wanne wamehamia Dublin;
Januari mkurugenzi akasema hali ni shwari
(mkurugenzi akisema hali ni shwari, funga mkanda).
Februari waliondoa biskuti.
Siku hiyo Catriona, aliyenimiminia chai tangu mwaka wa kwanza
bila kuniuliza sukari,
aliniinamia akanong'ona, "Leo kunywa mbili."
Nikadhani ni ukarimu.

Pointi laki tatu, elfu kumi na moja, mia nne.
Mama aliniuliza kwenye simu: Hizo zinaliwa?
Nikamjibu ni za kukuleta wewe, kwa shirika rafiki,
daraja la mbele, uvuke Sahara umenyoosha miguu.
Basi ziweke, akasema, akiba haiozi.
Haiozi, mama. Inafutwa.
Na mali bila daftari hupotea bila habari;
yangu ilikuwa na daftari,
na habari yake imesomwa redioni
kati ya mvua na kriketi.

Huko nje, pangaboi mbili zimevishwa vifuniko vyekundu,
na kijana mwenye koti la kung'aa
anabandika deni mlangoni mwa ndege,
analainisha pembe za karatasi kwa kiganja,
taratibu, lisije likapeperuka.

Mgonjwa wa Aberdeen ana miadi saa kumi jioni.
Nikapanda treni.

Peterborough nikabadili. Jukwaani, sweta la kijani,
nywele hazijafungwa, begi dogo la magurudumu.
Sikumtambua mpaka aliposema, "4A."
Anarudi kwao Arbroath. Sare imo begini:
wameandika tuirudishe, hawakuandika wapi.

Miaka sita nchi hii ilikuwa dakika themanini za wingu
na mto mmoja nisioujua jina.
Kumbe kuna farasi wanaovaa makoti.
Kuna shuka zilizosahauliwa kambani kwenye mvua,
mtu anasukuma toroli akibishana na mbwa,
na baada ya Newcastle bahari inakuja mpaka dirishani,
ya kijivu, karibu mno, kama mtu asiyebisha hodi.
Catriona anaangalia juu, si pembeni.
"Hapa," anasema, "ndipo nilipokuwa nakusanya vikombe."

Toroli la chai likapita. Nikanunua mbili
nikakwama na pakiti mkononi:
sikujua kama anatumia sukari.
Hatumii.

Arbroath akashuka. Alipunga mkono mara moja,
begi likamkwama kwenye ufa wa jukwaa, akalivuta kwa hasira.
Simu yangu ikatetemeka: shirika jingine
litachukua njia ya Norwich kuanzia Aprili,
jiandikishe leo, zawadi ya pointi mia tano.

Nikajiandikisha. Usinicheke.
Safari hii nikaandika jina zima, polepole, herufi kwa herufi.
Kadi ikajitokeza kwenye kioo, buluu, ya daraja la chini kabisa:
MWINYIH.