Nyongeza

Sekunde tisa kutoka kaskazini,
kumi na moja kutoka kusini:
hapo ndipo ramani yangu ilipokuwa ikidanganya.

Nimeijenga Kibuye ndani ya kompyuta ya mkopo,
chumbani Nyalenda, juu ya kinu cha unga
kinachotetemesha meza kila mahindi yakimiminwa.
Vibanda, mitumba, magunia ya makaa,
paa moja la mabati na ngazi moja ya kulipandia.
Anayelifikia kwanza huona vichochoro vyote.
Wengine hufa wakitazama juu.

Wajaribu wangu ni mapacha wa jirani,
Apiyo aliyetangulia, Adongo aliyefuata.
Simu za aina moja, bunduki ileile,
risasi thelathini, uhai mia.
Mechi ishirini: Apiyo, kaskazini, kumi na saba.
Nikawabadilisha. Adongo, kaskazini, kumi na sita.
Si wao, basi. Ni ardhi.

"Ulijua," Adongo akasema. Hakuwa akiuliza.
Sikujua. Niliegemeza ngazi palipopendeza macho,
kama yule aliyeuchora mtaa huu
akaona maji lazima yaelekee mahali,
akayaelekeza kwetu.

Mwalimu Lusweti, darasa la saba,
alitufundisha mizani kwa kugonga dawati na rula:
nane, pumzi, nane.
Silabi ikizidi moja, rula ilinyamaza hewani
na darasa zima likageuka kumtafuta mwenye kosa.
Nikafanya kama yeye. Nikaikunja ramani kama shati,
kushoto sawa na kulia,
ngazi mbili, mapaa mawili,
kumi, pumzi, kumi.

Hakuna aliyelalamika.
Hakuna aliyecheka pia.
Kila timu ilipanda paa lake, ikakaa, ikaitazama nyenzake.
Kageha akapiga miayo vita vikiendelea:
"Huu si mchezo. Ni kioo."

Jumamosi nikaenda Kibuye yenyewe, ile ya matope.
Mama hupima omena kwa gorogoro lililobonyea kitako.
Wateja wote wanajua limebonyea,
na miaka sita hajanunua jingine.
Anajaza, anasawazisha juu kwa kiganja,
kisha mkono unarudi kwenye beseni wenyewe,
bila macho, unachota tena:
nyongeza.
Mwenye watoto wengi, konzi nzima.
Mwenye gari, vidole vitatu.
Na kila mmoja huondoka akiamini
ni yeye aliyependelewa.

Nikarudi nikakivunja kioo.
Paa nikawaachia kaskazini, ngazi ileile, sekunde zilezile tisa.
Kusini nikawachimbia mtaro
chini ya meza za samaki, mweusi, wa kuinama,
unaotokea nyuma ya ngazi.
Humo huoni kitu; unasikia nyayo juu ya mbao.
Mwenye paa ana macho, mwenye mtaro ana masikio.
Mara nne nikaupunguza upana.
Nikaweka dimbwi, ili mwenye pupa
asalitiwe na miguu yake mwenyewe.

Mechi mia mbili.
Hamsini na mbili kwa mia, arobaini na nane.
Hizo mbili za katikati sikuzigusa.

Apiyo alitangulia kwa dakika kumi na moja.
Karo ilipotosha mmoja tu, aliyetangulia ndiye aliyekwenda;
Adongo akakaa mwaka mzima
akipima mkaa kwa mkebe mlangoni.
Hilo halirekebishwi kwa toleo jipya.
Nimejaribu kulifikiria kama ramani,
nikakosa pa kuanzia.

Jana usiku alichagua kusini kabla ya kuulizwa.
Akazama mtaroni. Dada yake, juu ya paa,
akageuka huku, akageuka kule,
akiutafuta mchakacho wa maji.
Adongo alishindwa kwa risasi moja.

Chini yetu kinu kikazimwa, meza ikatulia.
Akaifuta skrini kwa mkono wa sweta lake jipya la shule.

"Tena," akasema.