Kijiti cha Ufagio

Dada yangu Minayo huvaa lulu mbili
ndogo kama punje za mtama,
na mkufu mwembamba usiouona
mpaka jua la dirisha la benki liugonge.
Ndivyo apendavyo: kitu kisichopiga kelele,
kinachofaa kazini, matangani, kwenye mahari,
kitu ambacho hata ukilala nacho shingoni
hakikuamshi.
Pete yake ina jiwe moja. Moja tu.
Hulifuta kila Jumapili jioni
kama mtu anayepangusa pua ya mtoto.

Mimi sijui nilitokea wapi.
Sikio la kushoto limebeba mfupa wa mbuta,
pingili ya uti wa mgongo niliyoiokota Dunga
nikaichemsha kwa magadi mara nne,
na bado mvua ikinyesha watu huuliza
nani anakaanga samaki.
Sikio la kulia, nati.
Nati ya shaba ya bomba lililokufa kwetu Manyatta,
niliyoisugua kwa ndimu na majivu
ikang'aa kuliko enzi zake za kazi.
Chanda chema huvikwa pete, walisema.
Changu kina kovu la kisu cha kabeji;
nimekivika mpini wa kijiko.

Aliupinda Ogweno, pale Kibuye,
katikati ya kelele za masanduku na majiko.
"Dada, hiki bado kinakula," aliniambia.
Nikasema, kata.
Akapima kidole changu kwa uzi wa gunia,
akanitoza mia mbili, akanirudishia hamsini
kwa kuwa, alisema, kijiko hakijawahi kumchekesha.

Si kwamba naichukia dhahabu.
Minayo alininunulia mkufu nilipofika thelathini.
Niliuvaa wiki tatu, nikajihisi
kama niliyeshikishwa pochi ya bibi harusi.
Naye nimewahi kumkuta usiku mbele ya kioo
ule mfupa ukining'inia sikioni mwake,
akigeuza shingo huku, akigeuza kule.
Nilirudi kitandani kimya.

Desemba tulikuwa nyumbani, Mbale.
Mama ni wa Kanisa la Marafiki,
kola imefungwa hadi kooni,
hana chuma mwilini ila pini ya kitambaa.
Pete ya ndoa iko kwenye mkebe wa mbegu za maboga
tangu kabla sijazaliwa.
Alikuwa akichambua mrenda, akatutazama,
mmoja, kisha mwingine.
"Nyinyi mlitogwa na nani?"
Hospitali, tukasema.
"Mimi, mwiba wa mlimau."
Akasukuma kitambaa nyuma.
Miaka yote ile hatukuwahi kuziona ndewe za mama.
Vitundu vilikuwepo, vimefinya macho.

Alituambia walivyokuwa wakitia kijiti cha ufagio
tundu lisizibe, na kila Jumamosi
kinene kidogo kuliko cha juzi.
"Mpaka kifikie nini, Mama?"
"Hereni."
"Ipi?"
"Sikuwa nimeiona bado."

Minayo akavua lulu moja. Mimi nikavua nati.
Mama akazipima kiganjani kama anayenunua njugu.
Lulu akairudisha: "Hii imekwisha kuamua kila kitu."
Nati akaicheka hadi akakohoa.
"Na hii, mwanangu, itavuja."
Kisha akainuka, akavunja unyoya wa ufagio nyuma ya mlango,
akaung'ata ncha.
Sikio la kushoto lilikataa.
La kulia likakubali, likatoa tone la damu,
akalipangusa kwa jani la mrenda.

Mchungaji alikuja saa kumi.
Mama akammiminia chai, kijiti kikichomoza
chini ya kitambaa cheupe.
Mchungaji akakitazama, akaitazama sukari,
akamaliza vikombe viwili.

Juzi Jumamosi mama alinipigia simu.
Habari za mbolea, za ng'ombe, za paa la jikoni.
Halafu, kama mtu anayeuliza bei ya kiberiti:
yule kijana wako wa Kibuye,
hutoza ngapi
kwa kitu kinene kidogo?