Mpira wa Mlango

Yanavuja, alisema Bi Mwanakombo kwenye simu,
si mengi, kikombe kimoja tu kila nikifua,
lakini vigae vyangu, fundi, vimeanza kuota utelezi.

Nikafunga kisanduku kwenye karia,
nikakanyaga pedeli kutoka barabara ya kumi na nane
hadi Chumbageni, jua la saa tatu begani.
Mlangoni aliniangalia ushungi mpaka viatu,
kisha akatazama nyuma yangu
kumtafuta fundi.

Mashine imekaa uani, chini ya bati.
Mwanawe aliileta kutoka Maskati.
Hii hunipigia kelele kila Jumamosi, akasema,
yeye hunipigia simu Idi mosi.

Nikapitisha kidole kwenye mkunjo wa mpira
taratibu, kama anayepapasa ufizi wa mtoto.
Ukijivu umekuwa weusi. Kuvu.
Na chini kabisa ya duara,
pale saa imeandikwa sita nasi tunasoma kumi na mbili,
mpasuko, mwembamba kama ukucha.

Si sabuni iliyofanya hivi. Ni jiki,
ni chumvi ya hewa yetu,
ni kuufunga mlango ungali una jasho.
Uache wazi ukimaliza kufua, nilimwambia,
mlango ulioloa haufungwi.
Akacheka: Mbona wangu ulifungwa,
na mimi ndani?

Mkunjoni mlikuwa na sarafu mbili za hamsini,
pini ya ushungi, kokwa ya ubuyu,
na kifungo cha kanzu.
Sarafu akazihesabu kwenye ujira wangu.
Kifungo akakifunga pindoni,
hakusema cha nani.

Kuutoa mpira mkuukuu ni kazi ya bisibisi na matusi ya moyoni.
Waya wa kubana una springi, na springi ina kisirani:
ukiilegeza huku, inaruka kule.
Mpya nikaupaka maji ya sabuni midomoni,
alama juu, vitundu vya kutolea maji chini,
nikaanza kuuvalisha kwa vidole gumba,
inchi kwa inchi, huku ukiingia, kule ukichomoka,
mpaka ukakubali.

Baba alikuwa dobi, barabara ya saba.
Doa alilijua kwa kulinusa:
hili embe, hili kutu, hili mtu amelia.
Mashine ya kwanza ilipoingia Raskazone
alisema haimalizi masika.
Masika yakapita. Mashati yakapungua kambani,
kwanza ya daktari, kisha ya mwalimu,
kisha pasi ya mkaa ikawa ya kuzuilia mlango.

Sasa kila magharibi ananiuliza: Imekufa?
Imepona, baba.
Basi umeniua tena, anasema,
na kiganja anakinyoosha, hela ya kahawa.

Wiki jana nilimhadithia ya nyumba moja hukohuko
yenye mashine ya kukaushia,
nilivyobandika ukanda mpya wa sufi kuzunguka pipa
maana ule wa zamani ulilika, ukawa unatafuna pindo za mashuka.
Akaweka kikombe chini.
Kuanika nguo kwa umeme, Tanga hii?
Kwani jua wamelipeleka wapi?

Nikatandika gazeti kavu chini ya mlango,
nikabonyeza. Maji yakaingia, yakapanda kioo.
Bi Mwanakombo akavuta kigoda, tukakaa kuangalia
kanga mbili zikizunguka na kukumbatiana,
kama watu wanaotazama televisheni
bila kujua lugha yake.

Tone moja.
Akanishika mkono.
Tukalisubiri la pili, mpaka mashine ikapiga kengele.
Halikuja.

Ule mpira wa zamani sikuutupa.
Niliukata kwa kisu, ukatoa ukanda mrefu,
nikafungia kisanduku changu kwenye karia.
Kwa maji haufai tena.
Kwa mashimo ya barabara ya kumi na nane,
unabana vizuri tu.