Pafu la Mpira

Mwanakheri binti Shekuwe hakuuliza bei ya kalamu
wala umri wake. Aliitikisa karibu na sikio
kama mtu anunuaye nazi.
Ikalia kachakacha.
"Haiyafa," akasema. "Pafu ndilo lililokufa."

Karakana yake ni chumba cha chini, Langoni,
nyuma ya duka la simu. Mashine ya kukereza
hutetemesha vikombe vya jirani,
na jirani hugonga ukuta mara mbili
kumaanisha basi, inatosha.

Akaifungua kalamu ya baba.
Kile kifuko cha mpira, kilichonywa wino miaka ishirini na sita
katika ofisi ya kadhi, kikatoka vipande vipande,
vyeusi, vigumu, kama karafuu zilizosahauliwa mfukoni.
Hakuvitupa. Alivitia kisosini.
"Hii siitengezi. Nitakukerezea mpya
inywe kama ya zamani. Ndoo Alhamisi."

Mpwa wangu Athman akacheka:
siku hizi kuna kichupa cha plastiki,
unachomeka, unaandika, kikiisha unatupa.
Mwanakheri hakuinua macho kwenye tupa yake.
"Nawe ukisha, tukutupe?"

Alhamisi ya kwanza ilikuwa ya fundi, yaani haikuwapo.
Ya pili, umeme.
Ya tatu alikuwa arusini Matondoni.
Ya nne akanitilia kiganjani
kalamu nyeusi, nzito kidogo kuliko nilivyokumbuka,
na ubavuni mwake mwezi wa shaba, mwezi wa siku mbili,
umechomoza kupitia mwanya.
Chini ya mwezi kuna pete:
izungushe huku, mwezi umefungwa,
hata ukikalia kalamu haitakutapikia kanzu;
izungushe huku, mwezi uko tayari kuzama.

Nikauliza pafu amelitoa wapi.
"Bomba la mpira. Lile la hospitali. Nimekata kipande."
Nikanyamaza.
Bomba la namna hiyo nalijua.
Nimelitazama usiku kumi na moja,
likipanda na kushuka pamoja na kifua cha baba
mpaka likawa linapanda peke yake.

"Sikiliza," akasema. "Tumbukiza ncha yote. Bonyeza mwezi.
Usiogope mapovu. Haiwezi kunywa
kabla haijatoa pumzi.
Kisha achia, uhesabu hadi kumi.
Watu huhesabu hadi nne, halafu hunijia
wakisema Mwanakheri, kalamu yako ina kiu."

Lakini chupa hakunipa. Alinisogezea kisosi.
Alikuwa ameviroweka vile vipande siku tatu,
na maji yalikuwa yamegeuka buluu.
"Wino wa babako. Aliupakia, hakuuandika."

Nikabonyeza. Mapovu manne, la tano dogo.
Nikaachia.
Moja, mbili. Ukuta ukagongwa ingawa mashine ilikuwa kimya.
Saba. Nane.
Sikujua nani aliyekuwa akivuta pumzi pale chumbani.

Sikujua pia alikusudia kuandika nini.
Barua? Jina la bwana harusi fulani, na mahari yake?
Alikuwa na desturi moja tu niijuayo:
kila akijaza, huijaribu pambizoni mwa daftari
kwa herufi ya wau, kichwa kidogo na mkia mrefu.
Daftari zake zimejaa wau hizo
kama viluwiluwi kandoni mwa birika.
Nikaandika wau.
Ikatoka hafifu, rangi ya maji ya buluu
yaliyokwisha kusuuzia kanzu.
Nikaandika nyingine. Ya tatu haikufika mkiani.

Mwanakheri akapokea pesa zake, akahesabu,
akanirudishia hamsini. "Ya wino," akasema.

Ofisini nikaijaza nyeusi, ile ya serikali,
na mara hii nikahesabu hadi kumi na tatu.
Nikafungua daftari. Walii wa bibi harusi
alikuwa akitazama saa, akitazama mlango:
punda wake, alisema, amefungwa juani,
na mimi nachezea kalamu.