Kupunga kwa Kiholanzi

Jana Shaame kanitumia neno, sauti ya sekunde kumi na moja,
upepo nyuma yake kama mtu anachana shuka.
*Uitwaaien*, kasema. Liandike, huenda wakakuuliza.
Nikaliandika chini ya bei ya unga na sabuni.
Kwa sikio la Wete: aut-wa-yen.

Maana yake utoke nje makusudi,
usimame penye upepo mpaka kichwa kiwe chepesi.
Huendi dukani. Huendi kwa mtu.
*Waaien* ni kuvuma, *uit* ni nje,
na *waaien* ni jamaa wa *wind*, upepo wao,
kama kipepeo na kupepea kwetu.

Nikacheka. Neno hilo si tunalo?
Nikampelekea mama mkwe jikoni:
huko aliko mwanao nao hupunga upepo.
Bi Time sikio lake la kulia limekwisha.
"Hupunga pepo? Na ngoma wanapiga?"
Upepo, mama, upepo!
Kageuza chapati, kanitazama.
"Hiyo *u* moja tu ndiyo yakupigisha kelele?"

Saa mbili umeme ukakatika.
Nikawasha mshumaa, dirisha halina kioo,
ukazimika nikiwa katikati ya ukurasa.
Asubuhi nikasoma: mshumaa nao ukizimwa na upepo,
kitenzi ni hichohicho.
Wangeniambia mapema ningeweka kadibodi.

Kinachonitesa ni sarufi.
Ukisema mimi, sasa, kitenzi chapasuka:
*ik waai uit.*
Kichwa chake kidogo chakimbia mwisho wa sentensi,
na ukiongeza leo, ukiongeza ufukweni, ukiongeza peke yangu,
chazidi kusogea mbali,
nawe yakupasa ukumbuke mpaka mwisho kwamba kipo.
Miaka miwili na miezi minne nakumbuka.
Gatini Mkoani nilimpunga mkono
(kwa hilo wana kitenzi kingine, nimeuliza)
mpaka bega likauma, na boti lilikuwa bado halijang'oa.

Jumatano nakwenda Dar, ubalozini,
nikazungumze na kompyuta isiyoitikia salamu.
Nimechagua sentensi yangu, naisema nikifua, nikianua:
*ik ga uitwaaien.*
Ukitanguliza nakwenda,
vipande vyarudi pamoja, neno moja, bila nafasi.

Bi Time kauliza nasoma dua gani.